Mcheza Gemu Asiye na Haraka

Vijana wanaojua kwamba napenda kompyuta huniuliza swali moja kila mara: ninunue mashine gani nicheze gemu mpya? Nami huwauliza kwanza ni gemu zipi walizokwisha kucheza. Nikitaja zile nzuri zilizotoka kati ya 2013 na 2020, wengi huwa wamecheza mbili au tatu tu, tena kwa kupokezana pedi kwenye kibanda cha mtaani. Basi ya nini kuhangaika na ya mwaka huu?

Msimamo wangu ni kwamba mtu wa kipato cha kawaida, awe Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa au Nairobi, akae miaka mitano au sita nyuma ya matangazo, na akae huko kwa makusudi. Huko nyuma bei zimeshuka, kasoro zimerekebishwa, na mashine inayoweza kuziendesha gemu hizo inauzwa kwa bei ya simu ya kawaida. Wanaokimbia mbele ndio wanaolipia majaribio.

Tazama kisa cha Cyberpunk 2077. Kampuni ya CD Projekt Red ya Poland iliitoa Desemba 2020 baada ya kelele za miaka mingi. Ilikuwa na hitilafu nyingi hivi kwamba wiki moja baadaye Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuahidi kuwarudishia wanunuzi pesa zao. Haikurudi dukani hadi Juni 2021. Toleo la 2.0 lilipokuja Septemba 2023, ndipo gemu iliyoahidiwa ilipopatikana. Aliyenunua siku ya kwanza alilipa bei kamili akapata kitu kibovu. Aliyesubiri karibu miaka mitatu alilipa bei ya punguzo akapata kitu kizima. Sijui hoja nyingine inayonitosheleza kama hiyo.

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya macho. Super Mario Bros. ya 1985 ilikaa kwenye kaseti ya kilobaiti 40, pungufu ya picha moja unayotumiwa leo kwenye WhatsApp. Miaka 11 baadaye ikaja Super Mario 64, na dunia nzima ikawa ya pande tatu. Mtu aliyetoka kwenye ile ya kwanza kuingia kwenye hii alikuwa amehama nchi. Sasa chukua The Witcher 3 ya mwaka 2015. Zaidi ya miaka kumi imepita, lakini ukiiwasha sebuleni mgeni atadhani ni ya juzi. Mabadiliko bado yapo, ya mwanga, ya vivuli, ya maji yanayoakisi taa, ila yamekuwa madogo huku gharama ya kuyapata ikiwa kubwa. Muuzaji hawezi kukwambia hivyo. Kazi yake ni kuuza.

Ukikubaliana nami, chukua karatasi kabla hujachukua pesa. Andika gemu tano unazotaka kweli kucheza, si zile ambazo rafiki zako wanazisifia. Kila gemu kwenye duka lake ina orodha ya mahitaji, ya chini na yanayopendekezwa. Ya chini yapuuze, maana huonyesha tu kwamba gemu itawaka. Fuata yanayopendekezwa. GTA V, kwa mfano, ile ya kompyuta ya mwaka 2015 na si toleo lililoboreshwa la Machi 2025, inapendekeza prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha tatu, RAM ya GB 8 na kadi ya grafiksi ya GTX 660. Hivyo ni vitu vya 2012. Nenda navyo sokoni ukijua unachotafuta.

Na sokoni ndiko watu wanakoliwa. Mtego wa kwanza ni stika. Laptopu iliyobandikwa i7 huuzwa kwa majigambo, na mnunuzi huondoka kifua mbele bila kuuliza ni i7 ya kizazi gani. Soma namba nzima. Kwa prosesa nyingi za Intel za miaka hiyo, tarakimu inayofuata baada ya kistari ndiyo kizazi: i7-2620M ni ya kizazi cha pili, ya 2011, na ina viini viwili tu. i5-8250U ni ya kizazi cha nane, ya 2017, ina viini vinne, nayo itaiacha mbali ile i7. Angalia na herufi ya mwisho pia: U ni prosesa iliyotengenezwa kutunza betri, H ni ya kazi nzito. Muuzaji akikataa kukuwashia mashine usome namba hizo kwenye skrini, ondoka. Duka la pili haliko mbali.

Mimi laptopu simshauri mtu anayetaka gemu, isipokuwa mwanafunzi wa bweni au anayehama hama. Joto lake halina pa kutokea, kadi yake ya grafiksi haibadilishwi, na ikiharibika fundi hana kipuri cha kuokota kwenye mashine nyingine. Nunua kompyuta ya mezani iliyostaafishwa na ofisi: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Zinaingia kwa wingi Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi. Zimetengenezwa kwa ajili ya karani wa kuandika barua saa nane kwa siku miaka mitano mfululizo, kwa hiyo nyingi bado zina nguvu ya kutosha ndani yake. Kinachokosekana ni kadi ya grafiksi tu.

Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu, kwa sababu mashine hizi zina pawa saplai ndogo. OptiPlex 9020 ya umbo la mnara ina wati 290. Ile nyembamba ina 255. Usikubali kuuziwa kadi kama RX 580, ambayo peke yake hula hadi wati 185 na inataka waya wa ziada wa umeme ambao mashine hiyo haina. Tafuta zinazokula wati 75 au chini, zinazochukua umeme kwenye mazabodi moja kwa moja: GTX 750 Ti, GTX 1050 Ti, au GTX 1650 za aina isiyo na tundu la waya. Kama boksi ni lile jembamba, kadi nayo lazima iwe fupi kwa kimo, la sivyo mfuniko hautafunga. Pima kabla ya kulipa. Nimeona watu wakicheza na boksi wazi, vumbi lote la mtaa likiingia, kwa sababu hawakupima.

Kadi za bandia zipo, na ni nyingi. Matapeli huchukua kadi kuukuu kama GTS 450 ya mwaka 2010, wakaibadilisha programu yake ya ndani ili ijitangaze kwenye Windows kuwa ni GTX 1050 Ti. Ukiitazama kwa nje huwezi kugundua. Weka programu ya bure iitwayo GPU-Z kwenye flashi uende nayo dukani. Huwa inazitambua kadi za aina hiyo na kuandika waziwazi kwamba ni feki. Beba pia CrystalDiskInfo, inayosoma afya ya diski na saa ambazo imefanya kazi. Omba mashine iendeshwe na gemu nzito kwa nusu saa ukiwa umesimama pale. Feni ikipiga kelele kama kinu cha kusaga au skrini ikaanza kutoa madoa ya rangi, umeokoa pesa yako.

Kama huna uwezo wa kununua kadi kabisa, kuna njia ya AMD. Prosesa zake kama Ryzen 5 2400G ya mwaka 2018 na 5600G ya 2021 zina grafiksi ndani yake zenye nguvu ya kuendesha gemu nyingi za zamani vizuri tu. Lakini hakikisha RAM zimewekwa mbili, GB 8 na GB 8, badala ya moja ya GB 16. Grafiksi za ndani hukopa RAM ya kompyuta, na zikipata njia mbili za kukopea tofauti utaiona kwa macho. Na kwa mashine yoyote ile, pesa ya kwanza ya kuboresha iende kwenye SSD. Diski ya kuzunguka iachie kazi ya kuhifadhi tu.

Sasa niseme juu ya Windows, maana ndiyo inayowavuruga watu kwa sasa. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wake inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Mamilioni ya kompyuta nzima zenye prosesa za kizazi cha nne hadi cha saba zikageuka kuwa kuukuu kwa amri ya karatasi, si kwa kuchoka. Kwetu sisi hilo ni neema na ni mtego. Neema kwa sababu ofisi zinazitupa na bei yake inashuka. Mtego kwa sababu utauziwa mashine ya kizazi cha sita kwa bei ya kizazi cha nane, ukiambiwa "hii inakubali Windows 11, nimeshaiweka." Kuiweka kwa ujanja kunawezekana, lakini kama itaendelea kupokea masasisho hakuna anayekuhakikishia.

Ukipata mashine ya zamani kwa bei nzuri, jaribu Linux. Najua wengi wenu mmekunja uso. Miaka kumi iliyopita ningewaunga mkono, lakini mwaka 2018 kampuni ya Valve, wenye duka la Steam, walitoa Proton, programu inayowezesha gemu za Windows kuendeshwa kwenye Linux bila mchezaji kugusa chochote. Mashine yao ya mkononi, Steam Deck ya 2022, inatumia Linux tangu kiwandani. Gemu nyingi za mchezaji mmoja zinafanya kazi vizuri kabisa. Zinazokataa ni zile za kushindana mtandaoni zenye walinzi wakali dhidi ya wadanganyifu: Fortnite, Valorant, na matoleo ya karibuni ya gemu ya mpira ya FC. Kama maisha yako ni mpira wa FC, Linux haikufai, baki na Windows na ununue kizazi cha nane. Na ukiamua kubaki na Windows 10 isiyo na masasisho, basi iwe mashine ya gemu tu. Usifungulie humo barua pepe yako ya kazi wala akaunti ya benki.

Jambo linaloniudhi kuliko yote katika teknolojia ya siku hizi ni kwamba unalipia kitu lakini hukimiliki. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft ya mwaka 2014, ilizimwa seva zake tarehe 31 Machi 2024, na hata aliyekuwa na diski mkononi hakuweza tena kuicheza, hata peke yake. Concord ya Sony ilitoka Agosti 23, 2024 na kuzimwa Septemba 6 mwaka huohuo. Angalau wanunuzi walirudishiwa pesa. Google ilileta huduma yake ya Stadia mwaka 2019 ikisema kompyuta za gemu hazitahitajika tena, ikaifunga Januari 2023. Hasira za wachezaji zimefika mbali: jimbo la California lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika 2025, inayowataka wauzaji wamwambie mnunuzi waziwazi kwamba anapewa leseni ya kutumia na si umiliki, na Julai 2025 wachezaji wa Ulaya walivusha saini milioni moja wakitaka gemu zisiuawe namna hiyo.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya ziada ya kujali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa wakati mmoja kusini mwa bara, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Mwenye gemu inayodai mtandao hata kwa kucheza peke yake aliketi akitazama duara linazunguka. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza swali hili: nikikosa bando, gemu hii itawaka? Ikiwa jibu ni hapana, na si gemu ya kushindana na watu, iache.

Duka la GOG, lililoanzishwa na Wapoland hao hao wa Cyberpunk, huuza gemu zisizo na kufuli. Unapakua faili la kusimika, unaliweka kwenye diski ya nje, na hata duka likifa gemu ni yako. Steam ina hali ya kucheza bila mtandao, lakini iandae ukiwa na mtandao, usingoje umeme wa mnara wa simu ukatike. Kwa wenye PlayStation, ng'ang'anieni mashine zenye tundu la diski. Diski unaazimisha, unabadilishana, unaiuza ukiichoka. PS5 Pro iliyotoka Novemba 2024 inauzwa bila tundu hilo, na anayelitaka hulinunua kando. Huko ndiko wanakotupeleka, na sioni sababu ya kuwafuata mbio.

Kuhusu bando. Gemu kubwa za leo hupita GB 100 kwa urahisi, na kuipakua moja kwa kifurushi cha simu ni kununua gemu mara mbili. Tangu 2023 Steam ina uwezo wa kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine zikiwa kwenye Wi-Fi moja, bila kugusa intaneti isipokuwa kidogo. Kila mmoja lazima awe ameinunua kwenye akaunti yake, lakini faili zile nzito anazipakua mtu mmoja tu. Vijana watano wa mtaa mmoja wakikubaliana, anayeishi kwenye fibre anakuwa kisima cha wote. Sijui kwa nini jambo hili halijulikani zaidi.

Au cheza gemu ndogo. Stardew Valley, iliyotoka 2016, ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone: alichora, akaandika programu, akatunga na muziki. Haifiki GB moja na inaendeshwa na laptopu ambayo umeikatia tamaa. Ni gemu ya kulima, kufuga na kuvua, na nimewaona watu wazima waliodai hawapendi gemu wakikosa usingizi kwa ajili ya maboga yasiyolika. Undertale ya 2015 ni ndogo zaidi. Wacameroon wa Kiro'o Games walitoa Aurion mwaka 2016, gemu ya mapigano na hadithi iliyojengwa juu ya utamaduni wa Kiafrika, na haihitaji mashine ya fahari.

Zile gemu zilizovunjwa kufuli zinazouzwa kwa flashi mitaani sitazihubiria. Nitasema tu kwamba unamruhusu mtu usiyemjua aendeshe programu yake ndani ya mashine yako, tena mara nyingi akikuelekeza uzime kinga ya virusi kwanza. Gemu ya miaka sita iliyopita ikishuka kwa asilimia 75 au zaidi kwenye punguzo la msimu, hatari hiyo haina maana tena.

Umeme na hewa vinaua kompyuta nyingi kuliko umri. Nunua UPS au angalau stabilaiza kabla ya kununua kibodi yenye taa za rangi. Walio Pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, hewa ya chumvi inakula vyuma polepole. Mashine isikae dirishani. Mpelekee fundi mara moja kwa mwaka aipulize vumbi na kubadilisha pesti ya prosesa, na joto litashuka bila kununua chochote.

Wazazi, nanyi neno. Kwenye jalada la gemu au ukurasa wake dukani kuna alama ya umri. Za Ulaya, zinazoitwa PEGI, ni 3, 7, 12, 16 na 18. GTA ina 18, na mnaiona ikichezwa na watoto wa darasa la tatu kwa kuwa imeitwa mchezo. Kompyuta ikae sebuleni. Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni vifurushi vya bahati ndani ya gemu za mpira: mtoto analipa pesa halisi bila kujua atapata mchezaji gani. Ubelgiji mwaka 2018 ilitangaza kuwa hiyo ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA, inayotengeneza FC, ikaacha kuwauzia Wabelgiji pointi za vifurushi hivyo. Kwetu mlinzi ni wewe. Usihifadhi kadi ya benki kwenye mashine ya mtoto, wala usimpe namba ya siri ya simu "anunulie kidogo tu." Na akianza kuuliza gemu inatengenezwaje, mwekee Scratch, na akikua kidogo Godot. Zote ni za bure.

La mwisho ni la bei. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda kwa kishindo duniani, kwa sababu viwanda vinapendelea kuuza kwa wajenzi wa vituo vikubwa vya akili mnemba, wanaonunua kwa jumla na kulipa vizuri. Micron hata ilitangaza kuacha kuwauzia watu wa kawaida kupitia chapa yake ya Crucial. Wimbi hilo hufika hadi kwenye mitumba. Kwa hiyo wewe uliye na mashine inayoendesha gemu zako leo, usiiuze kwa kuona tangazo. Iongezee SSD, isafishe, na ucheze.